Jinsi ya kusimulia maisha ya mama wa Kimennonite aliyekimbia nchi yake, kwa kikundi cha akina mama hapa Tanga

Shikamooni mama zangu, na dada zangu habari zenu. Naandika hii kwa wale wanaopewa zamu ya kusimulia historia kwenye kikundi, iwe cha kanisani, cha kuweka na kukopa, au kile cha mtaani tu mnaokutana Jumamosi jioni pale Makorora au Chumbageni. Hii mada ya mama wa Kimennonite aliyeteswa Urusi akahama inapendwa sana lakini kusema ukweli inasimuliwa vibaya. Mtu anasimama na karatasi anasoma tarehe, mfalme huyu, vita ile, mama mwenyewe anatajwa kuzaliwa, anateswa, anapanda meli, amina, tunywe chai. Huyo mtu aliishi miaka sabini themanini jamani, alipika, alidaiwa, aliuguza watoto, aligombana na wazee wa kanisa, na sehemu kubwa ya maisha yake ilikuja BAADA ya ile meli. Kwa hiyo kanuni yangu ni hii: mama awe katikati kuanzia sentensi ya kwanza, na hadithi isiishie bandarini.

Jua kwanza unaongelea Wamennonite gani

Hapa ndo wengi wanachanganya. Kanisa letu la Mennonite lilianzia Mara mwaka 1934, Shirati, na wale wamisionari walitoka Pennsylvania Marekani, mababu zao walikuwa watu wa Uswisi na kusini mwa Ujerumani ambao nao walikimbia mateso zamani sana. Mama tunayemsimulia leo ni wa tawi lingine, la Uholanzi, kule alikotoka Menno Simons, yule padri ambaye jina la Wamennonite linatokana naye, aliyeacha upadri mwaka 1536 akajiunga na watu waliokuwa wanawindwa kwa sababu ya kubatiza watu wazima na kukataa kushika silaha. Watu wa tawi hilo walikimbilia kwenye mabonde ya mto Vistula, Poland ya leo, wakakaa huko vizazi na vizazi, halafu Malkia Katarina wa Pili wa Urusi akawakaribisha wakalime nyika za kusini ambazo leo ni Ukraine, akawaahidi hawatachukuliwa jeshini. Makazi ya kwanza, Chortitza, yalianza 1789, ya pili, Molotschna, 1804. Haya yote yaseme kwa dakika mbili tu afu uondoke hapo, usikae, maana hapa ndo watu wanaanza kutoa simu.

Mtu atauliza mbona walikuwa Urusi na wanaitwa Wajerumani, jibu fupi ni kwamba waliongea Kijerumani. Nyumbani waliongea Plautdietsch, lugha ya kwao ya jikoni, kanisani Kijerumani cha vitabu, sokoni Kirusi au Kiukraine, kama mtu wa Muheza anavyoongea Kibondei na mamake, Kiswahili dukani, na Kiingereza akienda kwenye usaili wa kazi.

Chagua wimbi moja, usichukue yote

Walihama kwa mawimbi. Miaka ya 1870 walipoona ile ahadi ya jeshi inataka kuvunjwa, kama watu 18,000 walikwenda Canada na Marekani. Baada ya mapinduzi ya 1917, vita vya wenyewe kwa wenyewe, vikundi vya wapiganaji wa Makhno, kiongozi mmoja wa waasi kule Ukraine, vilivyochinja watu vijijini 1919, na njaa ya 1921 na 1922, wakaondoka wengine zaidi ya 20,000 kwenda Canada kati ya 1923 na 1930. Mwishoni mwa 1929 zaidi ya watu 10,000 walijazana pembezoni mwa Moscow wakiomba ruhusa ya kutoka, wasiofika 6,000 wakaruhusiwa, waliobaki wakapakiwa kwenye treni wakarudishwa. Na wimbi la mwisho ni la vita vya pili, kuanzia 1943.

Mie nakushauri uchukue hilo la mwisho, kwa sababu moja tu, hilo ni wimbi la wanawake. Wanaume wengi walikuwa wameshakamatwa na utawala wa Stalin mwaka 1937 na 1938, wengine wakahamishiwa mashariki kwa nguvu vita vilipoanza 1941, kwa hiyo msafara ulipotoka aliyeshika hatamu za farasi ni mama, pembeni bibi, nyuma watoto na gunia. Ukichukua wimbi la 1923 utapata hadithi nzuri pia lakini utajikuta unaongelea wachungaji na kamati.

Tafuta jina, na ukilipata usiliamini haraka

Kama unataka mwanamke mmoja wa kweli ambaye habari zake ziko wazi kwa umma, anza na Elfrieda Dyck, kwa ubini wa kwao Klassen. Alizaliwa Urusi mwaka 1917, akapelekwa Canada na familia bado mtoto miaka ya 1920, akasomea unesi, mwaka 1942 akapelekwa Uingereza na shirika la misaada la Wamennonite, MCC, akaolewa huko na Peter Dyck mwaka 1944, na vita vilipoisha wakawa wanahudumia wakimbizi wa Kimennonite Uholanzi na Ujerumani. Uzuri wake kwa msimuliaji ni kwamba yeye ni mkimbizi wa wimbi moja anayewapokea wakimbizi wa wimbi lingine, kwa hiyo kupitia mtu mmoja unapata safari mbili.

Kama una mwanamke mwingine mkononi, labda umepata habari zake kwa rafiki aliyeko Canada au Paraguay, omba ruhusa ya familia kabla hujamtaja mbele za watu, hata kama ameshafariki, na wakikataa mwite "mama mmoja wa Molotschna" yatosha. Wala usimtungie mama wa kubuni ukampa jina ukawaambia watu ni wa kweli. Kama unaunganisha mambo yaliyowapata wanawake wengi, waambie wazi mwanzoni kwamba nitawasimulia njia waliyopita wengi. Watu hawakasiriki ukiwaambia, wanakasirika wakigundua.

Sasa majina yao yanasumbua kwelikweli. Watoto wa kike waliitwa majina yaleyale, Katharina, Maria, Helena, Anna, Margaretha, Susanna, na koo zenyewe chache, Friesen, Penner, Wiebe, Dyck, Klassen, Reimer, kwa hiyo ukitafuta Katharina Friesen utawapata wengi mpaka kichwa kiume. Mshike kwa vitu vitatu kwa pamoja: jina la baba yake, kijiji, na tarehe ya kuzaliwa. Kikikosekana kimoja usiunganishe. Na akishaolewa karatasi nyingi zinamwandika chini ya mume, anakuwa "mke wa fulani", ukoo wa kwao unapotea, kwa hiyo rudi nyuma utafute orodha za familia ya baba.

Tarehe nazo angalia, Urusi ilitumia kalenda ya zamani mpaka mwanzoni mwa 1918, tofauti ni siku 13 kwa karne hiyo ya 20, ndo maana tukio moja unakuta limeandikwa Oktoba huku na Novemba kule, wote wako sawa. Vijiji pia vinarudiwa majina, kina Schönfeld na Rosenthal wako wengi, na siku hizi ramani zina majina mapya kabisa, Halbstadt ni Molochansk, na Chortitza imemezwa na mji wa Zaporizhzhia.

Pa kutafutia, kuna ensaiklopidia ya Wamennonite mtandaoni inaitwa GAMEO, ni bure, ni ya Kiingereza, lakini watoto wa sekondari nyumbani watakusaidia, na ni kazi nzuri ya kuwapa likizo. Picha za zamani zipo kwenye hifadhi ya picha ya Wamennonite wa Canada, MAID. Shusha picha mbili tatu ukiwa na bando, weka kwenye simu, usitegemee mtandao siku yenyewe.

Mjengee siku ya kawaida kabla ya kumtesa

Hili ndo linaloamua kama watu watalia au watasinzia. Msikilizaji hawezi kuumia kwa kupotea kwa nyumba ambayo hajaiona. Kwa hiyo chukua muda, dakika tano nzima, mwonyeshe mama yuko kijijini. Mtaa mmoja mrefu, nyumba zimepangwa pande mbili, zizi limeungana na nyumba ili wakati wa theluji asitoke nje kukamua ng'ombe. Jiko la matofali ndani ya ukuta linapasha vyumba vyote, wanachoma majani makavu na samadi iliyokaushwa. Ukutani saa ya pendulo. Wakati wa joto wanapikia jiko la nje. Matikiti maji wanayachemsha mpaka yanakuwa sharubati nzito ya kahawia ya kupaka mkate. Jumamosi ni siku ya kuoka, maana Jumapili wageni wanakuja bila taarifa na lazima kuwe na kitu cha kuweka mezani.

Na hapohapo sema ukweli ambao wengine wanauficha: wengi wa hawa watu walikuwa na uwezo, wengine walikuwa na mashamba makubwa, na wasichana wa Kiukraine walifanya kazi za ndani kwenye nyumba zao. Hasira ya majirani mwaka 1919 haikutoka hewani. Haihalalishi kuua mtu, hata kidogo, ila ukiiruka utakuwa unawasimulia malaika waliovamiwa na mashetani na mama wenye akili watakuuliza maswali utakwama.

Kuyasema mateso

Usiorodheshe. Najua unataka waone ukubwa wake, lakini ukisema mashamba yalichukuliwa, wahubiri walinyimwa haki, makanisa yalifungwa, njaa ya 1932 na 1933 ikaja, kukamatwa kukafuata, hakuna atakayekumbuka kitu. Sema hayo kwa sentensi moja kama hivyo nilivyosema, halafu ingia kwenye nyumba moja usiku mmoja. Lile gari la polisi wa siri watu waliliita kunguru mweusi. Linakuja usiku. Wote mtaani wameamka lakini hakuna anayewasha taa, wanasikiliza linasimama kwa nani. Mume anaambiwa avae.

Sasa wasimuliaji wengi wanamfuata mume gerezani. Usimfuate! Baki na mama, kwa sababu kesho yake asubuhi ng'ombe anatakiwa kukamuliwa na yeye anatakiwa shambani kwa ushirika akatimize kazi yake, na jioni anafunga kifurushi, soksi, mkate, sabuni, anakwenda gerezani mjini kupanga foleni kwenye kidirisha. Kifurushi kikipokelewa maana yake yupo. Siku kikikataliwa hakuna anayemweleza kitu, amehamishwa au amekufa, na wengi hawakujua ni lipi kwa miaka ishirini. Hicho kifurushi kilichorudishwa kiseme taratibu, ni kitu ambacho kila mama pale ataelewa bila wewe kuongeza neno.

Kuna mambo mawili magumu lazima uyapitie. La kwanza, jeshi la Ujerumani lilipoingia Ukraine 1941 Wamennonite wengi walilipokea kama mkombozi, makanisa yakafunguliwa, watu wakabatizwa, na baadhi ya vijana wao wakavaa sare za Hitler. Wakati huohuo, kwenye miji ileile, Wayahudi waliokuwa majirani zao walikuwa wanauawa. Huwezi kusimulia kufunguliwa kwa kanisa bila kusimulia hilo, sio haki. La pili ni 1945, wanajeshi wa Kisovieti walipowafikia wakimbizi, wanawake wengi walibakwa. Sema neno moja wazi, hivyohivyo, bila maelezo, kisha endelea. Usilifiche kwa maneno ya kuzungukazunguka maana kwenye chumba hicho kuna uwezekano mkubwa yupo mama ambaye limempata, naye anajua kabisa unachokizunguka, na usilichambue maana hajaja hapo kutoneshwa. Watoto wasiwepo, panga mapema wakacheze nje.

Safari

Septemba 1943 Wajerumani wakirudi nyuma waliwaondoa watu hawa, kama 35,000, kwa mikokoteni ya farasi na treni kwenda Poland. Mvua za vuli, matope mpaka ekseli, farasi wanakufa njiani, watoto wanazaliwa mkokotenini. Kule Poland wengi wakapewa uraia wa Ujerumani. Januari 1945 jeshi la Kisovieti linakuja, wanakimbia tena, baridi kali, na vita vilipoisha kama 23,000 kati yao walikamatwa wakarudishwa Urusi, Siberia na Kazakhstan. Hii namba isimamie, nyamaza kidogo, waache wapige hesabu wenyewe kwamba waliofanikiwa kubaki upande wa magharibi ni wachache kuliko waliorudishwa.

Hapa ndo Elfrieda anarudi. Siku za mwisho za Januari 1947 kundi la zaidi ya watu elfu moja lililokuwa limekwama Berlin liliruhusiwa dakika za mwisho kupita kwa treni kwenye eneo la Ujerumani lililoshikwa na Wasovieti mpaka bandari ya Bremerhaven, na tarehe 1 Februari meli Volendam ikang'oa nanga kuwapeleka Paraguay, abiria zaidi ya 2,300, wengi wanawake na watoto. Kwanini Paraguay na sio Canada? Kwa sababu Paraguay ilikubali wote, wagonjwa, wazee, vilema, familia zisizo na mwanaume, na Canada wakati huo ilikuwa inachagua. Na mwaka uliofuata Elfrieda mwenyewe, bila mume wake, alisindikiza meli nyingine, Charlton Monarch, injini ikafa jirani na Brazili, yeye nesi ndo kiongozi wa msafara mzima. Hiyo sehemu ukiisimulia kwa akina mama wa Tanga waliokulia na bahari hutapata shida, wanajua meli kusimama katikati ya maji ni nini.

Waeleze pia habari ya karatasi. Uraia ule wa Kijerumani walioupokea Poland ukawa mtego, maana mashirika ya wakimbizi hayakutaka kusaidia Wajerumani, kwa hiyo MCC ikawatetea kwamba asili yao ni Waholanzi. Mama mmoja, na kwenye karatasi ameshakuwa Mrusi, Mjerumani na Mholanzi. Yeyote aliyewahi kuhangaika na kitambulisho ataelewa.

Baada ya meli, hapa kaa sana

Nusu ya muda wako uwe hapa, nasisitiza, nusu.

Walipofika Buenos Aires, Argentina, wakiwa njiani, Paraguay ikalipuka vita vya wenyewe kwa wenyewe, wengi wakakwama kwenye mahema kwa miezi. Mwaka huohuo wa 1947 yakaanzishwa makazi mawili, Volendam mashariki mwa Paraguay na Neuland kule Chaco, na Chaco ni pori la miiba, joto kali, maji ya visima mengi yana chumvi, nzige wanakuja wanafuta shamba kwa mchana mmoja. Mama aliyezaliwa kwenye theluji sasa anafyatua matofali ya udongo, anakata nguzo, analima karanga, pamba na mtama kwa jembe. Waambie akina mama hivyohivyo, karanga, pamba na mtama, uone watakavyoinuka kwenye viti, kwa sababu ghafla huyu mzungu wa mbali analima shamba wanalolijua. Kwenye Neuland kijiji kimoja kilikuwa na familia nyingi zisizo na mume kiasi kwamba watu walikiita kijiji cha wanawake.

Na hapo kuna mambo ya kuongelea ambayo yanaamsha kikundi kizima. Kwanza, huyu mama ni mjane au sio mjane? Mume alichukuliwa 1937, hakuna cheti, hakuna kaburi. Akiolewa tena anazini? Makanisa yalibishana sana kuhusu hili, na mikutano iliyoamua ilijaa wanaume ambao wake zao walikuwa nyumbani wamelala salama. Kuna walioolewa tena, halafu miaka ya 1950 barua zilipoanza kupita kutoka Urusi wakasikia yule wa kwanza yu hai kambini. Usitoe hukumu, uliza tu kikundi, nyie mngesemaje, halafu kaa chini unywe maji, mjadala utajiendesha wenyewe.

Pili, kwenye yale makazi mwanamke anaendesha shamba, anajenga, analea, lakini kwenye mikutano ya kijiji na ya kanisa mwenye kauli ni mwanaume. Hili kwangu ni dhuluma na huwa nalisema hivyo. Tatu, ile ardhi ya Chaco haikuwa tupu. Waenlhet waliishi pale kabla, ardhi iliuzwa na kampuni juu ya vichwa vyao, nao wakaishia vibarua kwenye mashamba ya wakimbizi. Sisi wa Tanga tulioona mkonge wa Wajerumani na baadaye wa Waingereza ukifunika mashamba ya mababu zetu tuna haki ya kuliuliza hilo, na mkimbizi kuwa ameteswa hakumwondolei swali.

Kama ulichagua wimbi la 1923 la Canada, sehemu yako ya baada ya meli ni deni. Familia zilisafirishwa kwa mkopo wa kampuni ya reli, Canadian Pacific, na wasichana, wengine hawajatimiza hata miaka kumi na saba, walikwenda mijini, Winnipeg, Saskatoon, Vancouver, kufanya kazi za ndani kwenye nyumba za matajiri, mshahara unatumwa kwa wazazi, deni limekuja kuisha 1946. Kanisa likafungua nyumba za wasichana mijini humo wakutane siku yao ya mapumziko, wapate chai, waimbe, na wapeane habari nyumba ipi ina bosi mbaya. Hili nalo halihitaji maelezo kwa mtu aliyewahi kumtuma binti yake Dar.

Mkate wa safari

Peleka kitu cha kushika. Hawa watu walipokuwa wanajiandaa kukimbia walioka mkate unaoitwa zwieback kisha wakaukausha na kujaza magunia, ndo chakula cha njiani. Unatengenezeka hapa bila shida. Unga wa ngano, maziwa ya uvuguvugu, hamira, chumvi, sukari kidogo, na siagi nyingi kuliko unavyodhani, robo kilo kwa kilo moja ya unga ndo unatoka vizuri, Blue Band inafaa ila ya maziwa tamu zaidi. Kanda mpaka uwe laini usioshika mkono, uache uumuke. Halafu minya donge mviringo kwa kulibana kati ya kidole gumba na cha shahada, panga kwenye trei, juu yake weka donge lingine dogo, na libonyeze katikati kwa kidole mpaka uguse chini kabisa, usiogope, usipobonyeza kwa nguvu kile kichwa kitaanguka kikiiva. Acha viumuke tena, oka. Kama huna oveni, sufuria na mkaa juu na chini kama unavyooka keki, au mpelekee mwoka mikate wa mtaani umlipe.

Hivyo viliwe siku hiyohiyo vikiwa laini. Vya safari uvipasue kichwa na kiwiliwili, urudishe kwenye moto mdogo sana mpaka vikauke kabisa vilie kama kigae. Na hapa Tanga upepo wa bahari utavilegeza kabla ya kesho, kwa hiyo vikipoa tu vitie kwenye ndoo yenye mfuniko. Siku yenyewe gawa vyote viwili, laini wakati unasimulia kijiji, vikavu wakati wa msafara, wachovye kwenye chai ya rangi. Usieleze maana yake, wape tu wale.

Siku yenyewe

Dakika arobaini zatosha, na anza saa kumi jioni ili watu wawahi kurudi kupika. Simulia, usisome, kama una karatasi iwe na majina na miaka tu. Onyesha ramani, hata ya kuchora kwa mkaa kwenye boksi, kutoka Ukraine mpaka Paraguay.

Halafu wape daraja la hapa kwetu, kwa sababu watauliza "na sisi inatuhusu nini". Waambie Tengeru, pale Arusha, kuanzia 1942 palikuwa na kambi ya Wapolandi maelfu, wengi wanawake na watoto, ambao utawala uleule wa Stalin uliwapeleka Siberia, na makaburi yao yapo mpaka leo. Karibu zaidi, Chogo kule Handeni wapo Wazigua waliorudi kutoka Somalia baada ya vita vya 1991, mababu zao walichukuliwa utumwani kutoka huku karne ya 19, na bibi zao walirudi wakiongea Kizigua. Na kwenye mashamba ya mkonge wapo akina mama wa Kimakonde ambao wazazi wao walikimbia Wareno Msumbiji. Kwa hiyo kwenye kikundi chako kuna uwezekano mkubwa kuna bibi ambaye maisha yake yanafaa kusimuliwa mwezi ujao.

Ukimpata, usimrekodi hapohapo mbele za watu. Mfuate nyumbani asubuhi akiwa hajachoka, msalimie, kaa, msaidie kuchambua mboga, ndipo uulize. Anza na chakula na nyumba ya mama yake, usianze na vita. Muulize mume wake, watoto wake, aliishi na nani, alilipa deni gani, nani alimpokea. Rekodi kwa simu akikubali, na mwambie wazi nani atasikia. Akisema hili usiliandike, futa mbele yake aone. Majina ya waliomtesa, kama familia zao bado zinaishi mtaani, yasiingie kwenye kikundi cha WhatsApp. Ukifika kwako nakili ile sauti sehemu mbili, simu zinaibiwa, na andika kwenye daftari jina lake kamili pamoja na la baba yake na kijiji alichozaliwa.